Jukwaa la mbao la sherehe: kazi iko chini ya sakafu

Watu wakicheza kwa mpigo mmoja, jukwaa hukandamizwa chini na kusukumwa kando kwa wakati mmoja. Msukumo huo wa kando ndio wa kuogopa, maana unaweza kulilaza jukwaa ubavu huku kila ubao ukiwa mzima.

Chukua jukwaa la mita 6 kwa 3.6, kimo sentimita 90. Kwa wachezaji, hesabu kilo 500 kila mita ya mraba. Jumla inakaribia tani 11. Nguzo za inchi 4 kwa 4 zikisimama kila mita 1.2 zitakuwa 24, na ya katikati hubeba takriban kilo 720, mara nne ya ile ya kona. Chini ya kila nguzo weka kitako cha mbao nene, sentimita 40 kwa 40, juu ya udongo ulioshindiliwa. Penye mteremko kata nguzo kwa urefu tofauti, usijazie vipande vya mbao. Vikichomoka, nguzo inaning'inia.

Kona zipime kwa uzi: mita 3 upande huu, 4 upande ule, mshazari uwe 5 kamili.

Maboriti, mbao za inchi 2 kwa 6 zilizounganishwa mbili mbili, yakae juu ya nguzo au ndani ya mkato uliochongwa, yafungwe kwa bolti za milimita 12 zenye washa, yaani kile kisahani cha chuma kinachokaa kati ya nati na ubao. Boriti iliyopigiliwa ubavuni imebebwa na misumari peke yake, na mtikisiko huichomoa kidogo kidogo. Juu yake laza mbao za 2 kwa 6 kila sentimita 40, kisha sakafu.

Sasa mishazari, na hapa tusifanye ubahili wa mbao. Kila safu ya nguzo ipate mbao zinazopanda toka chini ya nguzo moja hadi juu ya jirani yake, nyingine zikiegemea kulia, nyingine kushoto. Wengi hufunga safu za urefu na kusahau za upana, na huko ndiko jukwaa huyumba.

Kabla ya kupigilia sakafu, sukuma nguzo ya kona kwa nguvu huku mwenzako akitazama viungo. Washa ikiachana na ubao hata kidogo, kaza. Mbao mbichi husinyaa zikikauka na nati hulegea, hivyo rudia kukaza asubuhi ya sherehe.

Ngazi ziwe tano, kila moja sentimita 18. Pande na nyuma weka vizuizi vya mita 1.1. Ngoma ikianza, asikae mtu chini ya jukwaa, na fundi mmoja abaki karibu na spana yake.