Kabla hujanunua kiyoyozi Arusha, subiri Julai

Nina vyumba sita vya wageni Ngaramtoni, na kosa langu la kwanza nililifanya Februari. Februari jua linawaka, unajipepea na gazeti, na muuza viyoyozi akikwambia "kila chumba weka BTU 12,000" (BTU ni kipimo cha nguvu ya kiyoyozi) unaona kabisa anakuhurumia. Nikaanza na viwili, vyote vya baridi tu. Aliponiuliza kama nataka vile vya baridi na joto nilimcheka. Nani ananunua joto Afrika?

Julai ikanijibu. Ngaramtoni tuko kwenye miteremko ya Meru, ukungu unashuka mapema, na asubuhi moja kipimajoto nilichotundika kwenye korido kilisoma nyuzi 13. Ndani ya nyumba, jamani. Wageni walikunywa chai na makoti mwilini, na viyoyozi vyangu vimekaa ukutani kama mapambo.

Nikakimbilia mjini kununua hita za waya, zile zinazowaka nyekundu, za wati 2,000. Wati 2,000 ni uniti 2 kila saa. Mgeni akiiwasha saa mbili usiku akaizima saa kumi alfajiri, uniti 16 zimekwenda. LUKU ya shilingi 1,000 ilikuwa inanipa uniti kama 2.8, kwa hiyo ni karibu 5,700 kwa usiku mmoja, kwenye chumba ninachokodisha 30,000 pamoja na chai. Siku zilipowashwa zote sita, mgeni mmoja akaingia kuoga na shawa ya umeme, swichi kubwa ikaruka. Giza.

Usiku huohuo nilimkuta mlinzi wangu, kwa roho nzuri tu, amebeba jiko la mkaa analipeleka chumbani kwa mgeni. Nilipiga kelele mpaka jirani akaamka. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mtu analala moja kwa moja. Mkaa ulioshika vizuri, usio na moshi hata kidogo, nao unaitoa vilevile. Msiniambie habari ya kuacha dirisha wazi kidogo. Jiko lilirudi nje, nikagawa mablanketi.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuiangalia nyumba yenyewe. Niliwasha mshumaa nikaupitisha polepole pembeni ya dirisha la alumini, haya ya kuteleza. Moto ukalala. Nikaushusha chini ya mlango, ukazimika kabisa. Brashi za madirisha zilikuwa zimekwisha, na chini ya mlango kidole kilipita. Vyumba viwili vya nyuma havikuwa na dari, bati tupu, na joto lote la mchana lilikuwa linaondoka kupitia hapo jua likizama. Dari, brashi mpya, mpira chini ya milango na mapazia mazito ya mpaka chini vilinigharimu pungufu ya kiyoyozi kimoja, na vyumba vinne mpaka leo havijahitaji kitu kingine zaidi ya blanketi la pili.

Vile viwili vya familia ndivyo nilivyoviwekea kiyoyozi cha baridi na joto, aina ya inveta, yaani kinachopunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka. Watu wengi hawaelewi kwa nini hiki kinakula umeme kidogo kuliko hita. Hita inageuza umeme kuwa joto, uniti moja kwa uniti moja. Kiyoyozi kinahamisha joto: kinalichota nje na kulileta ndani, na hewa ya nyuzi 10 bado ina joto la kutosha kuchotwa. Kwa baridi yetu hii, uniti moja ya umeme inaweza kukuletea kama tatu za joto.

Moshi ni habari nyingine, maana mji uko chini sana kuliko kwetu. Mjomba ana ofisi pale, akaletewa hesabu ya kiyoyozi cha BTU 18,000 kwa chumba cha mita 3 kwa 4. Nilimwomba asubiri. Niliingia saa moja jioni, nikapanda kiti na kuweka kiganja kwenye dari: moto, kama kikaango cha chapati kilichotoka kuepuliwa. Bati ni la rangi ya damu ya mzee, na juu ya dari hapakuwa na tundu hata moja la kutolea hewa. Tukatoboa matundu pande zote mbili za paa, tukaweka wavu wa kuzuia popo, tukapaka bati rangi nyeupe, na dirisha la magharibi tukalijengea kivuli kwa nje. Pazia la ndani linachelewa, jua limeshaingia. Mafundi wengi wanakadiria BTU 600 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo chumba cha mita 12 ni 7,200. Akanunua cha 9,000 na pangaboi, na miezi mingi anatumia pangaboi peke yake. Ila alizime akitoka. Pangaboi linampoza mtu, halipozi chumba.

Fundi naye mwangalie. Wangu wa kwanza alifungulia gesi kidogo isukume hewa kwenye mabomba, akasema tayari. Unyevu ukabaki ndani na kompresa, ile mashine inayosukuma gesi, haikumaliza mwaka. Anayejua kazi anakuja na pampu ya kunyonya hewa, anaiacha inyonye mpaka geji imridhishe, na anasubiri aone kama haipandi. Kama hana pampu, mpe nauli aende.

Julai iliyopita mgeni kutoka Tanga alinipigia saa nne usiku. "Dada, AC yako imeharibika, inapuliza hewa ya moto." Nikamwambia nakuja kuizima.

"Aa, usije," akasema. "Iache hivyohivyo."