Nilivyochanganya dawa ya choo na sanamaki nikaishia kwenye dripu

Jana usiku niliandikiwa na mdogo wangu mmoja yuko Morogoro. Alianza na "Shikamoo dada," akauliza watoto, akauliza kazi, akazunguka weee, mpaka mwisho kabisa ndipo akalitoa. Choo kinamsumbua tangu mwaka jana. Daktari amemwandikia dawa ya maji, laktulosi, ameinywa siku mbili na anachokiona ni tumbo kujaa gesi tu. Je, aiache? Au aongezee sanamaki ya bibi yake, yale majani ya kuendesha tumbo, isaidie?

Nilicheka peke yangu, halafu usingizi ukakata. Huyo ni mimi wa mwaka juzi, neno kwa neno. Nilimjibu kwa kifupi kwamba asiongeze kitu chochote na ampigie daktari wake asubuhi. Marefu yake nayaandika hapa, maana najua mko wengi, na baadhi yenu mnasoma hivi sasa mkiwa mmekaa huko huko.

Mimi ni mwalimu. Walimu wenzangu watanielewa haraka: vipindi vimebanana, choo cha walimu ni kimoja, na ufunguo uko kwa mwalimu wa zamu ambaye hujui yuko wapi. Haja inakuja, unaibana. Kesho unaibana tena. Inafika siku haja yenyewe inachoka kukubishia hodi. Nilifika mahali nakwenda mara moja kwa wiki, na hiyo mara moja natokwa jasho kama niko leba, kinachotoka ni mavi ya mbuzi, na bawasiri juu yake. Baba watoto alikuwa anagonga mlango anauliza kama bado nipo.

Miaka yote hiyo daktari wangu alikuwa duka la dawa. Nilinunua bisakodili, vile vidonge vidogo vya kuendesha. Nilianza na kimoja, vikawa viwili, mwisho nameza vinne, tena na chai ya maziwa. Usiku mzima tumbo linanisokota nang'ata mto. Hakuna aliyeniambia kwamba kidonge kile kimevikwa ganda ili kisiyeyuke mpaka kifike utumboni, na kwamba maziwa yanalimenya ganda hilo kabla ya wakati wake. Ningemezea maji tu ningejiokolea nusu ya mateso. Alichonipa muuzaji wa pale ni kitu kingine: aliinua boksi juu mbele ya foleni, akaita, "Ya kulainisha choo ni ya nani?" Mzazi wa mwanafunzi wangu alikuwa nyuma yangu. Mpaka leo mtaa ule nikipita napita upande wa pili wa barabara, na sioni aibu kusema bado inaniuma.

Kwa daktari nilikwenda kwa sababu ya bawasiri, nikijua nitapewa ya kupaka nirudi nyumbani. Akaanza kunihoji. Nakwenda mara ngapi? Nikamwambia. Akasema chini ya mara tatu kwa wiki, tena kwa kujikamua hivyo, hilo linatafutiwa chanzo. Akanionyesha karatasi yenye picha saba za aina za choo, iliyotoka Bristol, Uingereza, mwaka 1997, ya kwanza ikiwa vigololi na ya saba maji matupu. Niligusa ya kwanza bila kusita. Akauliza dawa zote ninazokula. Nikasema sili dawa. "Hata vitamini?" Hapo nikakumbuka vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa nikiwa mjamzito. Mtoto alikuwa ameshaanza kutembea na mimi bado nameza, nikidhani najijenga. Kumbe madini ya chuma nayo hufunga choo. Akaniminya tumbo, akapima sukari na tezi ya shingo, maana vyote viwili vinaweza kukwamisha utumbo. Viko salama. Ndipo akaandika laktulosi, mililita 15 asubuhi na 15 jioni, kwa kipimio cha kwenye chupa na si kijiko cha chai, na maji ya kutosha kutwa nzima.

Akanieleza na inavyofanya kazi, nami nikaitikia kama wanafunzi wangu wanavyoniitikia mimi. Ni sukari ambayo utumbo mdogo hauwezi kuisaga. Inapita hivyo hivyo mpaka utumbo mpana, huko bakteria wanaichachusha kama togwa, na inavuta maji, choo kinalainika. Kwa kuwa inachachushwa, siku za mwanzo gesi ni jambo la kawaida. Na kwa kuwa ina safari ndefu, matokeo unayasubiri siku moja mpaka mbili, wakati mwingine zaidi. Haya yote niliambiwa, naapa. Niliyasikia kwa sikio moja.

Siku ya tatu tumbo limevimba kama ngoma. Wifi yangu kaingia sebuleni, kaniangalia kutoka juu mpaka chini, kauliza mbele ya wageni, "Mgeni anakuja lini?" Nilitabasamu. Niliingia chumbani nikalia. Na Jumamosi yake tulikuwa na kitchen party ya binamu yangu, sare imeshashonwa, zipu haipandi.

Basi mwalimu mzima, mwenye diploma, nikafanya hesabu zangu. Kama 15 hazitoshi, nikanywa 60 kwa mkupuo. Mama mkwe alikuwa na sanamaki ameipika, nikanywa kikombe. Na kwenye pochi kulikuwa na bisakodili zimebaki, nikamalizia na mbili. Nikalala nikijiona nimeshinda.

Yaliyofuata sitayasimulia yote, kuna watoto wanasoma. Tosha kusema kitchen party sikuiona. Alfajiri sikuhesabu tena safari, miguu haina nguvu, kusimama nachukuliwa na kizunguzungu, moyo unaruka midundo. Baba watoto alinibeba mpaka kwenye bajaji nikiwa nimefungwa kanga mbili. Hospitali wakanitundikia dripu, wakapima damu, potasiamu, yale madini yanayosaidia moyo na misuli, imeshuka. Nesi aliniuliza nimetumia nini. Nikasema laktulosi. Daktari wa zamu akanitazama, akauliza tena taratibu, "Na nini kingine, mwalimu?" Nilipotaja sanamaki aliacha kuandika. Akasema sanamaki na bisakodili kazi yao ni moja, kuuchapa utumbo ujikaze, na mimi nilikuwa nimeuchapa kwa fimbo mbili huku laktulosi ikimwaga maji. Nilikuwa naona kitu cha mizizi na majani hakihesabiki kuwa dawa.

Sasa nisikilizeni. Dawa ya choo uliyoandikiwa inywe ilivyoandikwa. Gesi isikutishe, wiki moja hivi mara nyingi inatulia, na ikikuzidi mwambie daktari apunguze kipimo yeye. Usijiongezee. Ukianza kuharisha hiyo imeshakuwa nyingi, iache kwanza umwone daktari. Kama una kisukari sema kabla hujaandikiwa, maana laktulosi huwa na mabaki ya sukari nyingine. Chochote unachomeza kitaje, cha hospitali, cha kwa bibi, cha kwenye chupa isiyo na lebo ulichouziwa stendi. Na usijiongezee, narudia, kwa sababu najua wewe unayesoma hapa una chupa mkononi na harusi wiki ijayo.

Kuna wakati laktulosi si ya kuguswa kabisa. Tumbo limejaa na kuwa gumu, unatapika, hata ushuzi hautoki: hapo ni hospitali, usiku huo huo, kwa sababu utumbo unaweza kuwa umeziba. Damu ya mara kwa mara, choo cheusi kama lami ilhali huli vidonge vya chuma, kukonda bila sababu, au umevuka miaka 45 na choo kimebadilika ghafla, usianze kulainisha kitu usichokijua. Mimi damu yangu ilikuwa bawasiri, lakini aliyesema hivyo ni daktari baada ya kunipima. Kabla yake nilikuwa nimejisemea tu.

Mimi baada ya dripu nilirudishwa kwenye mililita 15 mara mbili kwa siku, peke yake. Siku ya sita ndiyo niliamka haja imenibisha hodi. Mnaweza kunicheka, lakini nilimpigia mama yangu simu kumwambia. Miezi michache baadaye daktari akanipunguzia, sasa nakunywa kidogo tu jioni, vya chuma nimeacha, na kila asubuhi baada ya chai naenda kukaa dakika kumi hata kama hakuna anayeniita, miguu juu ya kigoda cha mbuzi ya nazi.

Wifi hajawahi kuniomba radhi. Ila mwezi uliopita alinivuta pembeni kwenye msiba, akaninong'oneza kuuliza ile dawa ya maji inaitwaje. Nilimwandikia jina la daktari.

Na ufunguo wa choo cha walimu niliuombea kwa mkuu wa shule. Ninao mimi, uko kwenye kamba shingoni.