Mama alipooza baada ya chanjo za Hajj: je, kuna fidia?

SWALI (Lamu): Mamangu alidungwa chanjo ya mafua na ya homa ya uti wa mgongo katika kituo cha serikali, akijiandaa kwenda Hajj. Wiki ya tatu ganzi ikaanza nyayoni, ikapanda hata akashindwa kusimama. Mombasa wamesema ni ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia neva. Twaweza kudai fidia?

JIBU: Mola ampe mama shifaa. Kudai mnaweza, ila tazameni tarehe kwanza. Kesi ya madhara dhidi ya serikali hufunguliwa ndani ya miezi 12 chini ya Sura 39 ya sheria za Kenya, inayoweka muda wa kuishtaki serikali, na nafasi ya kuomba muda zaidi iliyomo katika sheria ya kawaida ya ukomo (muda wa mwisho wa kushtaki) haitumiki hapo. Kingekuwa kituo cha binafsi, mngekuwa na miaka 3. Jamaa wengi hungoja mgonjwa atembee kwanza, na ugonjwa huu huchukua miezi. Barua ya madai, hata ikijibiwa kwa upole, haisimamishi muda. Ni kesi iliyosajiliwa mahakamani pekee.

Marekani ina mpango wa fidia tangu 1988 ambao hauhitaji kuthibitisha uzembe: Guillain-Barré ikianza kati ya siku ya 3 na ya 42 baada ya chanjo ya mafua, huchukuliwa kuwa imetokana na chanjo, isipokuwa ithibitishwe sababu nyingine. Kenya haina mpango kama huo kwa chanjo za kawaida. Hapa mtathibitisha uzembe, au kasoro ya chanjo yenyewe. Kuugua baada ya sindano peke yake hakutoshi. Swali zito ni hili: je, mama aliwahi kuugua ugonjwa huu baada ya chanjo ya mafua ya awali, na mchanjaji hakumuuliza? Au hakuelezwa hatari yoyote? Hoja ya friji mbovu iacheni. Joto huidhoofisha chanjo. Silo linaloleta ugonjwa huu.

Upande wa pili utauliza kama aliharisha wiki chache kabla. Bakteria wa Campylobacter, wanaoharisha watu, ni chanzo kinachojulikana sana cha ugonjwa huu. Kama aliharisha, mwambieni wakili mapema. Likifichuka kizimbani, ushahidi wenu wote utatiliwa shaka.

Ombeni nakala ya faili lote la hospitali. Majibu ya maji ya uti wa mgongo kwa ugonjwa huu huonyesha protini nyingi na seli chache, lakini yakichukuliwa wiki ya kwanza huweza kuwa ya kawaida, vivyo hivyo kipimo cha umeme wa neva. Kwa hiyo tarehe ya kila kipimo ina uzito sawa na jibu lake. Nambari ya bechi (fungu la chanjo) itafuteni kwenye kadi ya manjano ya safari; ikikosekana, andikieni kituo mkiomba ukurasa wa rejista ya chanjo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakipa kituo siku 21 kujibu. Pia ripotini kwa Bodi ya Famasia na Sumu, inayosimamia dawa nchini. Mtu yeyote anaruhusiwa. Ripoti hiyo si dai la fidia, ila huacha kumbukumbu.

Gharama zilizokwisha kutumika hulipwa kwa risiti tu. Mwenye mashua aliyemvusha mama hadi Mokowe, upande wa bara, aandike karatasi na kutia sahihi, jumbe za M-Pesa zichapishwe, na risiti za mashine zitolewe nakala sasa, kwa kuwa wino wake hufifia. Matibabu yajayo, kama mazoezi ya viungo, lazima yatajwe kwenye madai yenyewe pamoja na makadirio ya daktari. Yasipotajwa, hakimu hatayatoa.