Mwana Kupona na bintiye: asianze na mume

Dada, umeuliza kama Utendi wa Mwana Kupona, shairi refu la mawaidha la karne ya kumi na tisa, si mama anayemfundisha bintiye utumwa wa ndoa, kwa kuwa mwanao wa kidato cha tano kapewa insha juu yake na karudi nyumbani kakasirika. Nimefundisha fasihi hapa Tanga miaka mingi, na hasira hiyo naijua. Karibu kila darasa huwa nayo.

Mwambie asianze na mume. Aanze na hali ya huyo anayesema:

*Maradhi yamenshika*
*hatta yametimu mwaka*

Mwaka mzima anaumwa. Ni 1858. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, kisiwani Pate, aliyevutana na Sultani wa Zanzibar, kafa miaka miwili nyuma. Bintiye, Mwana Hashima, hana baba tena, na mama naye anaona safari yake haiko mbali; alifariki miaka michache baadaye. Ndiyo maana anamwita binti asogee, aje na wino na karatasi, kisha anamwahidi hirizi na kidani cha lulu na marijani. Vyote hivyo ni maneno tu, yaani mawaidha yenyewe. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kupindua desturi za Pate. Anatafuta mwanawe atasalimikaje ndani yake. Mimi ndivyo ninavyousoma. Najua wapo watakaonibishia.

Ugumu upo, tusiufiche. Anasema kiumbe hapati raha ya dunia na akhera ila kwa radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Hapo wasichana wangu huguna, na wana haki.

Lakini wasikimbilie kufunga kitabu. Tazama kazi anazompa binti baadaye. Mume akilala asimpigie kelele, ampapase na kumpepea. Akiamka, amwandalie chakula, amsinge (amkande mwili), amwogeshe, amnyoe, amfukize. Kisha linakuja hili:

*Mtunde kama kijana*
*asioyua kunena*

Yaani amtunze kama mtoto mchanga asiyejua kusema! Mwaka mmoja kijana wa nyuma ya darasa, aliyekuwa akitabasamu tangu tulipoanza beti za mume, alifika hapo akanyamaza. Msichana wa mbele akamgeukia: "Kumbe wewe ndiye wa kubembelezwa." Darasa lote likavunjika kwa kicheko, na ule mjadala sikuweza kuuandaa mimi. Je, mama huyu anamnyenyekea mwanamume, au anamnong'oneza bintiye kwamba bwana mkubwa wa nyumba hulelewa kama mwana? Nadhani yote mawili yamo, na mtunzi alijua anachofanya. Beti inayofuata inasema ampumbaze apumbae. Mtu anayeamini mume ni sultani hasemi hivyo.

Jambo jingine ambalo vitabu vya mwongozo hulipita haraka: baba yumo. Mama anasimulia alivyoolewa na babake Hashima kwa furaha na kicheko, wakastahiana siku zote walizokaa, na mauti yalipomjia akarudia kumpa mkewe radhi. Tangu hapo hajaacha kulia. Binti anasikia habari za wazazi wake walipopendana. Kwangu mimi hizo ndizo beti nzito kuliko zote, kuliko hata orodha ya adabu.

Kwa insha yenyewe: hoja ya ukandamizaji aiandike, ushahidi upo, na wasahihishaji huitegemea. Ila aweke karibu yake beti za kijana na za baba, aone kama hoja bado inasimama wima. Asiseme "mtunzi anaamini" kabla hajaeleza mtunzi ni nani na anaongea na nani.

Halafu ausome kwa sauti, mizani nane nane, hata kama Kiamu, lahaja ya Lamu, kinamteleza. Beti ni 102, na akizisoma kimyakimya atachoka kabla hajafika kwa Bwana Mataka.