Ukipewa Zaburi ya 51 kwa Kilatini, anza na irabu

Nimekulia kwenye kwaya ya parokia, sauti ya tenori, na kinanda kilikuwa pembeni siku zote kutushika mkono. Nilipokwenda kusoma Edinburgh nikajiunga na kwaya ndogo ya jioni. Kazi ya kwanza niliyokabidhiwa ilikuwa Miserere ya James MacMillan, Mskoti aliyezaliwa 1959, ambayo aliitunga 2009 kwa ajili ya kwaya ya The Sixteen. Ni Zaburi ya 51 kwa Kilatini, sauti tupu bila ala yoyote, dakika 12 hivi. (Katika Vulgata, Biblia ya kale ya Kilatini, ni ya 50, kwa kuwa huko Zaburi ya 9 na ya 10 zimeunganishwa.)

Ndugu mwanakwaya, usiogope Kilatini. Irabu zake za kikanisa ni a, e, i, o, u zetu zilezile. Wenzangu Waingereza walisahihishwa kila mara kwa kuivuta o iwe "ou"; mimi sikuguswa. Hata "cognosco" husomwa "konyosko", ny ya nyumba kabisa.

Nilichokosea ni kwingine. Kwanza, nilifunga maneno kwa irabu isiyokuwepo: "secundumu", "Deusi". Imba m hiyo midomo ikiwa imefungwa, na uiache hapo. Pili, mkazo. Sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ila "misericordiam" mkazo wake uko kwenye "cor", na "spiritum" kwenye "spi". Nilipiga mstari wa penseli chini ya kila silabi yenye mkazo, kisha nikasoma zaburi nzima kwa sauti kwa wiki moja kabla ya kuigusa noti.

Halafu kuna sauti kushuka chini ya noti bila kujua. Kuna sehemu ambapo kwaya hukariri maneno mengi juu ya akodi moja (noti kadhaa zinazoimbwa kwa pamoja), kama zaburi ya masifu. Hapo ndipo tulipokuwa tunazama. Jioni moja tulimaliza tukiwa tumeridhika. Mwongozaji akabonyeza piano, tukakuta tumeshuka nusu toni nzima. Kinanda kingetuokoa, sauti tupu haina wa kuiokoa. Dawa iliyotufaa: kila unaporudia noti ileile, ifikirie kuwa juu kidogo kuliko iliyopita, na unaposhuka ngazi ya noti, shuka hatua fupi.

La mwisho, na kwangu ndilo kubwa: andika Kiswahili chini ya kila mstari. Nilizoea kuvuta pumzi baada ya "Cor mundum", kisha naendelea "crea in me, Deus". Nilipoandika chini yake "Ee Mungu, uniumbie moyo safi", nikaona nilikuwa nataja moyo safi na kuuacha ukining'inia bila kuuomba. Tangu siku hiyo ule mstari nauimba kwa pumzi moja.