Nunda, Foromali na Mji wa Pembenane: Nawajibu Wasomaji

Tangu riwaya yangu itoke, barua nyingi zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: haya uliyatoa wapi? Kwa ambao hawajaisoma, ni safari ya binti aitwaye Tangambili, anayepanda mtepe, chombo cha mbao za kushonwa, kumfuata nunda, mnyama mla watu, aliyemla kaka yake. Leo najibu maswali machache.

Dada, mimi nimevua samaki Tanga tangu utoto. Foromali ni mti wa chombo, si jina la mtu. Na huyo Tangambili naye ni nani amempa jina hilo?

Foromali ni mti, hilo sibishi, na ndiyo maana nilimpa nahodha wangu. Foromali haisimami wima wala hailali. Hukaa mshazari juu ya mlingoti, imebeba tanga, ikielekea upepo unakotaka. Msome tena nahodha yule katika kikao cha wazee uone kama jina halikumkaa.

Majina mengine ni ya pepo. Katika nchi niliyoibuni, mtoto hupewa jina la upepo unaovuma siku anayozaliwa: Kaskazi, Kusi, Matlai, Umande, Demani. Wewe mvuvi huhitaji kuambiwa, lakini wa bara watanisamehe nikieleza kwamba kwa karne nyingi kaskazi, tuseme Desemba hadi Machi, ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Katikati yake ipo tangambili, pale upepo unapokosa mwenyewe. Nilipofika hapo nikajiuliza: mtoto aliyezaliwa tangambili apewe upepo gani? Hadithi nzima ilitoka kwenye swali hilo. Wapo wanaoamini kwamba jina la njozi sharti liwe na x mbili na lisisomeke. Kila la heri kwao.

Mwanangu ana miaka kumi na sasa hataki kulala peke yake. Huyo nunda umemtoa filamu gani?

Mpe pole yangu. Nunda si wa filamu, na wala si wangu. Mmisionari Edward Steere alichapisha kisa chake mwaka 1870 katika hadithi alizokusanya Unguja, na waliomsimulia walikuwa nacho kabla yake. Kisa chenyewe ni cha Sultani Majnuni na paka wake. Paka anakula ndama, watu wanakwenda kushtaki, sultani anawaambia paka ni wake na ndama ni wake. Paka anakula mbuzi, jibu ni lilelile. Wanyama wanazidi kuliwa, kisha wanaliwa watu, na sultani yuko palepale. Ni mpaka paka anapowala wana wa sultani mwenyewe ndipo mzee anapokubali kwamba amefuga nunda. Mtoto mdogo wa nyumba ile anaingia porini kumtafuta, na kila mnyama anayemuua na kumleta, mama yake anamwambia siye.

Nilipokuwa mdogo niliogopa meno. Siku hizi naogopa lile jibu la sultani. Kwa hiyo nunda wangu nilimwekea sharti ambalo hadithi ya zamani haikulisema waziwazi: haongezeki kwa kula, anaongezeka kila mwenye cheo anapomtetea. Ukirudi sura ya nne utaona kwamba usiku anapokua kuliko siku zote hajala kitu.

Pembenane ni Gedi, sivyo? Tulipelekwa pale na shule.

Gedi, ule mji wa magofu, imo kidogo, katika ile misitu iliyomeza kuta. Mji wenyewe ni Kilwa Kisiwani, na jina limetoka kwenye bwawa. Husuni Kubwa ni kasri la karne ya 14, la zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Ndani yake kuna bwawa la pembe nane, na kasri limekaa juu ya jabali linalotazama bahari. Wachimbaji wa mambo ya kale wanaona ujenzi wake haukumalizika. Sultani ana bwawa la pembe nane na nyumba hajaimaliza: mwandishi aongeze nini hapo?

Sura ya harusi, ambayo wengine mmeniandikia kwamba nimeitia ukatili, ni ya Kua, kwenye kisiwa cha Juani, Mafia. Masimulizi ya huko yanasema watu wa Kisimani, mji mwingine wa Mafia, waliwakamata watoto wa Kua, wakawafunga na kuwalaza pwani, kisha wakateremsha chombo kipya baharini kwa kukipitisha juu yao. Watu wa Kua wakanyamaza kwa miaka. Kisha wakawaalika wale wa Kisimani harusini, katika chumba cha chini ya nyumba. Wenyeji wakaponyoka mmoja mmoja, na mlango ukazibwa wageni wakiwa ndani. Katika kitabu changu watoto wanaokolewa na mlango unabaki na ufa. Ukatili nimeupunguza, jamani.

Chombo kisicho na msumari ni uchawi?

Ni mtepe wa visiwa vya Lamu. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lilikuwa la mkeka. Mabaharia wa kale walisimulia milima ya sumaku inayong'oa misumari ya vyombo. Wajuzi wanasema chombo kilichoshonwa hunyumbuka kikigonga mwamba na hutengenezeka kwa urahisi. Mimi nilichukua sumaku. Macho ya omoni, mbele ya chombo, nayo yalichorwa kweli. Kupepesa ndiko nilikoongeza.

Mbona popobawa hayumo? Angeuza kitabu!

Angeuza. Mwaka 1995, hofu ya jini huyo wa usiku ilipotanda Pemba na Unguja, watu walilala nje kwa makundi, na mjini Unguja umati ulimuua mgonjwa wa akili ukidhani ndiye. Ndugu wa mtu kama huyo wanaweza kuwa wasomaji wangu. Kwa sababu iyo hiyo sikutaja pango lolote la mzimu ambako watu bado wanapeleka ubani. Mapango ya kitabuni yote nimeyachimba mwenyewe.

Twiga kupandishwa chomboni hadi kwa mfalme wa mbali! Hapo si umezidisha?

Hapo ndipo nilipozidisha kidogo kuliko kote. Mwaka 1415 twiga wa Malindi alifika China kwa Mfalme Yongle, na watu wa kasri wakasema ndiye qilin, mnyama wa heri wa visasili vyao. Nilichobuni ni mazungumzo yake na baharia aliyekuwa akimlisha njiani. Mhariri alitaka yakatwe, nikakataa, na katika kitabu cha pili twiga huyo ana sura tatu.