Kichwa cha treni kinapoondoka chenyewe: maswali yenu kuhusu reli ndogo za kidijitali

Maswali ya safari hii karibu yote yana kilio kimoja: treni ndogo imefanya jambo ambalo mwenyewe hakuiamuru. Wote walioandika wanatumia DCC, mfumo wa kidijitali unaotuma amri kwa kila kichwa kupitia reli zenyewe, uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kufanywa kiwango rasmi na NMRA, chama cha wapenzi wa reli ndogo cha Marekani, katika miaka ya 1990. Kabla hamjafungua bisibisi, kumbukeni kwamba kichwa kikitembea kuna umeme au amri kinayoitii. Tutafute hiyo kwanza.

Fundi, nina reli za H0, zile za mizani ya 1:87, hapa Hamburg. Behewa likitoka relini na kupiga shoti, umeme hukatika. Nikilirudisha na umeme ukarudi, kichwa changu cha dizeli hutoka mbio kwa kasi yote hadi kinagonga mwisho wa njia, na huku rimoti inaonyesha sifuri. Kimeungua?

Hakijaungua, ndugu yangu, na hili ndilo tatizo linaloniletea barua nyingi kuliko yote. Kwenye DCC reli hubeba umeme kamili muda wote, volti 14 hadi 16 hivi kwa H0, hata kama vichwa vyote vimesimama. Amri hupita kwa umeme huo kugeuzwa upande mara kwa mara: nusu ya mpigo ikidumu mikrosekunde 58, dekoda, yaani kile kisahani cha kielektroniki ndani ya kichwa kinachopokea amri, inasoma moja, ikidumu 100 hivi, inasoma sifuri. Shoti inapotokea, au umeme unaporudi, ule mgeuko huweza kuvurugika kwa kitambo kidogo sana huku volti zipo. Dekoda iliyoruhusiwa kutumia pia umeme wa DC wa mtindo wa zamani hudhani imewekwa kwenye reli za analogi, ambako volti nyingi maana yake ni mwendo mkali. Basi inaipa mota kila kilichopo.

Ruhusa hiyo imo ndani ya CV29, moja ya namba za mipangilio zinazohifadhiwa ndani ya dekoda. Namba hiyo ni jumla ya mipangilio kadhaa, na sehemu ya ruhusa hii ni 4. Soma kwanza namba iliyomo. Ukikuta 6, ambayo ndiyo vichwa vingi hutoka nayo kiwandani, andika 2. Ukikuta 38, andika 34. Ikiwa tayari ni 2 au 34, ruhusa imeshafungwa, usipunguze kitu. Na usiandike 2 kwa mazoea kwenye kichwa chenye anwani ndefu (anwani ni namba ya kukiitia kichwa, na ndefu ni ile kubwa), maana utafuta ile 32 inayobeba anwani hiyo na kichwa kitaacha kuitika namba yake.

Ukishaifunga, kichwa hakitatembea kwenye reli za analogi za rafiki yako. Kwangu hiyo ni bei ndogo sana, na ningemshauri kila mwenye DCC aifunge siku anayonunua kichwa.

Jambo jingine: pima ukataji wenyewe. Weka sarafu juu ya reli zote mbili mahali palipo mbali kabisa na kisanduku cha amri, kile kinachozipa reli umeme na amri. Umeme ukatike papo hapo. Usipokatika, nyaya ni nyembamba mno au viungo vya reli vimelegea. Hapo simamisha kila kitu urekebishe, kwa sababu shoti isiyokatwa huyeyusha plastiki ya magurudumu na hata dekoda.

Nimenunua kichwa cha pili. Nikiendesha kimoja, vyote viwili vinaondoka!

Vyote vimetoka kiwandani na anwani 3. Kimoja kipe namba nyingine, lakini kwanza kiweke peke yake kwenye kipande cha reli cha kuprogramu, kile kilichotengwa kwa kuandika mipangilio. Ukiandika humo vikiwa viwili, vyote vitapokea namba mpya na utarudi ulikoanza.

Wapo pia wenye tatizo linalofanana na hili: kichwa kinawasha taa kikiitwa kwa namba yake, ila magurudumu hayageuki mpaka iitwe namba nyingine. Hicho kiliwahi kuunganishwa na kingine kuvuta pamoja, na muungano haukufutwa. Andika 0 kwenye CV19.

Shikamoo fundi. Mjomba ameniletea Nairobi kichwa alichokitia dekoda mwenyewe. Nikibonyeza mbele kinarudi nyuma. Hata nikikigeuza juu ya reli, ni vilevile.

Marahaba. Kukigeuza hakusaidii, kwa kuwa kwenye DCC mbele ni mbele ya kichwa chenyewe, tofauti na analogi ambako reli ndizo huamua. Ziangalie taa, zitakuambia.

Taa haziwaki kabisa na dekoda ni ya plagi ya pini 8? Plagi imechomekwa kinyume, izungushe. Taa zinawaka sawa na rimoti, ila mwendo ndio umegeuka? Mjomba amebadilisha nyaya za mota, ile ya machungwa na ya kijivu, zibadilishane. Taa na mwendo vimegeuka pamoja? Nyaya usiziguse, ongeza 1 kwenye CV29.

Nimekata umeme wa reli ili kuzuia ajali, kichwa kikaendelea kutembea na kugonga. Inawezekanaje?

Kina kapasita ya akiba ya umeme, ile inayokivusha kwenye reli chafu. Ulipokata umeme ulikata na njia ya amri, kikaendelea na amri ya mwisho kiliyoisikia. Bonyeza kitufe cha kusimamisha kwa dharura, kile kinachotuma amri ya kusimama huku reli zina umeme. Kisha angalia CV11: kwenye dekoda nyingi ndiyo inayopanga kichwa kivumilie muda gani bila kusikia amri. Iwekee muda mfupi.

Asubuhi nikiwasha tu, treni inaondoka.

Jana ulizima ikiwa inakwenda, na visanduku vingine vya amri hukumbuka mwendo wa mwisho. Rudisha kila kichwa kwenye sifuri kabla ya kuzima, na kama kisanduku chako kina mpangilio wa kuwaka huku reli hazina umeme, uuchague.